Kuandikia kwenye kishikwambi: namna ya kuchagua programu na vifaa ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu kazi ilipokwisha, kwa hiyo siku hizi si ajabu kumkuta mwalimu wa Mafinga au Tukuyu anacho mezani. Wanafunzi wa vyuo nao wanavyo: wengine wamenunua vilivyokwisha kutumika, wengine wamepewa na ndugu. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama kifaa hiki kinaweza kubeba kazi ndefu ya kuandika, ya kurasa themanini au mia. Kinaweza. Nimeona tasnifu nzima ikikamilika kwenye kishikwambi cha bei ya kawaida. Nimeona pia watu wakinunua kalamu ya bei mbaya ambayo kioo chao hakiitambui kabisa. Wanaofanikiwa huanza kwa kujua kazi yao inakwenda kwa nani, ndipo wakachagua programu, na vifaa vikafuata. Nami nitakwenda kwa mpangilio huohuo.

Hatua ya 1: Anza na atakayeipokea kazi yako

Kabla ya kwenda dukani, jiulize mambo matatu. Kazi yako ni ya kuchapa au ya kuandika kwa mkono? Anayeipokea anaitaka ikiwa katika sura gani? Na wewe unaandikia wapi, penye umeme na mtandao au pasipo navyo?

Mwanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga anayeandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo, msimamizi wake atataka faili la Word ili aweke maoni pembeni. Huyo anahitaji kibodi. Mwanafunzi wa hisabati pale chuo cha Mkwawa, Iringa, anayenakili milinganyo na kuchora grafu, anahitaji kalamu, maana kuchapa alama za kalkulasi kwa kidole ni mateso. Mtendaji wa kijiji huko Makete anaandika muhtasari wa mkutano mkuu, ambao lazima uchapwe, usainiwe na kugongwa muhuri. Kwake la muhimu ni PDF inayotoka sawasawa kwenye printa ya steshenari. Na yule anayekusanya simulizi za wazee wa Kihehe au Kinyakyusa anahitaji programu inayorekodi sauti wakati anaandika, ili baadaye arudi kusikiliza pale alipopitwa.

Majibu hayo yaandike mahali. Ukishafika dukani, muuzaji ana maneno matamu, na ni rahisi kutoka na kitu ambacho kazi yako haikukihitaji.

Hatua ya 2: Kijue kishikwambi chako kwa jina kamili

Ingia kwenye Mipangilio, shuka mpaka penye maelezo kuhusu kifaa, unakili jina la modeli. Kusema tu "ni Samsung" au "ni iPad" hakutoshi. Galaxy Tab S6 Lite huja na kalamu ya S Pen ndani ya boksi lake. Galaxy Tab A8 na A9 haziipokei kalamu hiyo hata ukiinunua pembeni. iPad ya kizazi cha 9, ya mwaka 2021, ina tundu la Lightning na hutumia Apple Pencil ya kizazi cha kwanza. iPad ya kizazi cha 10, ya mwaka 2022, ina tundu la USB-C. Hii hutumia Apple Pencil ya USB-C, au ile ya kizazi cha kwanza kwa kuiongezea adapta. Apple Pencil ya kizazi cha pili haifanyi kazi kwenye yoyote kati ya iPad hizo mbili, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Angalia pia kama kuna sehemu ya laini na ya memori kadi. iPad haina sehemu ya memori kadi, kwa hiyo ukubwa wa ndani unaonunua ndio utakaobaki nao. Maandishi matupu hayali nafasi. Picha na video ndizo zinazojaza.

Kama unanunua kilichotumika, fanya mambo mawili mbele ya muuzaji. Kwanza, kama kinatumia laini, tafuta namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) kwenye Mipangilio uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, uone kama majibu yanalingana na kifaa ulichoshika. Pili, mwombe akirudishe kwenye hali ya kiwandani, kisha uanze kukiwasha upya wewe mwenyewe mpaka ufike kwenye ukurasa wa kwanza. Kikikuomba akaunti ya Google au ya Apple ya mtu usiyemjua, na muuzaji akasema "hilo dogo, kuna fundi analitoa", mrudishie kifaa chake uende duka jingine.

Kishikwambi cha kazini ni habari nyingine. Kama ni cha shule au ofisi, uliza kwanza unaruhusiwa kuweka nini, na tasnifu yako usiiache humo pekee, kwani siku ya uhamisho utakirudisha.

Hatua ya 3: Chagua programu kwa kuijaribu bila mtandao

Kila programu ninaipima hivi. Zima data na waifai. Fungua programu, anzisha hati mpya, andika aya moja, funga, kisha fungua tena. Aya ikiwepo, umepita mtihani wa kwanza. Mtihani wa pili: tafuta kama inakupa faili la Word au PDF bila kulipia. Programu inayoshindwa mitihani hii miwili haifai kwa mtu anayeandikia Ludewa au Kilolo vijijini, hata iwe na sura ya kupendeza namna gani.

Google Docs inapita yote miwili, ila kwa sharti. Lazima uingie kwenye mipangilio yake ukiwa bado na mtandao, uwashe kutumika nje ya mtandao, na kwa kila hati muhimu uweke alama ya kubaki kwenye kifaa. Usipofanya hivyo utafika kijijini ufungue sura ya tatu, ukute duara linazunguka tu. Ni ya bure, akaunti inakupa GB 15 za kuhifadhia, na ukirudi penye mtandao kila ulichoandika kinapanda chenyewe. Msimamizi anaweza kuweka maoni akiwa ofisini kwake, wewe ukayasoma ukiwa Ipogolo.

Microsoft Word ina jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kwenye vioo visivyozidi inchi 10.1 unaweza kuhariri bure. Kioo kikizidi hapo, unahitaji kulipia Microsoft 365, la sivyo utasoma tu. Galaxy Tab A9 ya inchi 8.7 iko upande wa bure. Galaxy Tab A8 ya inchi 10.5 na iPad ya inchi 10.2 ziko upande wa kulipia. Ukiwa na kioo kikubwa na huna mpango wa kulipia, andikia Google Docs kisha utoe faili la Word mwishoni, au tumia Collabora Office, ambayo ni ya bure na hufungua na kuhifadhi faili za .docx, yaani za Word, moja kwa moja kwenye kifaa. WPS Office nayo inafanya kazi, ila matangazo yake yanakata mawazo. Kwa kazi ya kurasa tano sawa. Kwa kazi ya miezi sita, hapana.

Kwa riwaya au kitabu kirefu, ushauri wangu ni kuandika rasimu kwenye programu ya maandishi matupu. Kwenye Android kuna Markor, na Obsidian ipo kwa Android na iPad. Zote mbili ni za bure na huhifadhi kila sura kama faili dogo la maandishi linalobaki ndani ya kifaa. Faili la namna hiyo hufunguka kwenye kifaa chochote, leo na miaka ishirini ijayo. Unaandika kwanza, mapambo ya ukurasa yanakuja baadaye. Waandishi wengi wa nje husifia programu za Scrivener na Ulysses. Zijue, ila jua pia kwamba Ulysses ni ya vifaa vya Apple peke yake na hulipiwa kila mwezi au mwaka, na Scrivener haina toleo la Android. Mwenye Galaxy Tab asipoteze muda kuitafuta.

Kwa mwandiko wa mkono, Samsung Notes inatosha kabisa kwa mwenye Samsung yenye S Pen: unaingiza PDF ya mhadhara, unaandika juu yake, unarekodi sauti ya mwalimu, na baadaye ukigusa sehemu ya maandishi unasikia alichokuwa anasema wakati ule. OneNote nayo hurekodi sauti na hupatikana kwenye Android na iPad. Kama programu inaahidi kugeuza mwandiko kuwa herufi za kuchapa, ijaribu kwa Kiswahili kabla ya kulipa. Andika sentensi mbili kwa mwandiko wako wa haraka, ule wa darasani, uone inakupa nini.

Hatua ya 4: Kizoeshe kifaa kuandika Kiswahili

Hatua hii haihitaji hata shilingi, nayo hurukwa na watu wengi kuliko zote. Kishikwambi kilichoachwa kwenye Kiingereza kitakupigania kila mstari. Kinabadilisha "ili" kuwa neno jingine, kinapiga mstari mwekundu chini ya aya nzima, na baada ya saa moja umechoka kwa kufuta kuliko kwa kufikiri.

Weka Gboard, kibodi ya kioo ya Google, kama huna, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya lugha, uongeze Kiswahili. Unaweza kukiacha pamoja na Kiingereza kama kazi yako inachanganya, lakini Kiswahili kiwe cha kwanza. Kisha zima masahihisho yanayojifanya yenyewe, ubakize mapendekezo tu. Mapendekezo unaweza kuyakataa. Masahihisho ya kujifanyia yanapita bila wewe kuona. Kama mistari myekundu bado inakusumbua, nenda kwenye kikagua tahajia cha kifaa ukizime mpaka siku ya kusahihisha.

Halafu kuna kamusi binafsi, ambayo naipenda sana. Ipo kwenye Mipangilio, sehemu ya lugha. Humo unaingiza majina yako ya kila siku na kuyapa vifupisho. Andika Wanging'ombe mara moja kwa usahihi, ulipe jina hilo kifupisho "wgb". Kuanzia hapo ukiandika wgb jina zima linajitokeza juu ya kibodi ya kioo, unaligusa. Fanya hivyo kwa Mwakaleli, Isyonje, Ilembula, na kwa maneno ya kazi yako: "mkt" iwe Mwenyekiti, "mtk" iwe Mtendaji wa Kijiji, "hkm" iwe Halmashauri ya Kijiji na kadhalika, kwa namna utakayoikumbuka. Anayeandika muhtasari wa kikao cha saa tatu atashukuru. Kwenye iPad kitu hicho kipo chini ya mipangilio ya kibodi, kama ubadilishaji wa maandishi.

Kuhusu ile alama ya king'ong'o katika ng'ombe na Wanging'ombe: programu nyingi huibadilisha kutoka mstari mnyoofu kuwa uliopinda. Ukiandika sura moja kwenye Markor na nyingine kwenye Word, utakuwa na alama mbili tofauti, na ukitafuta neno ndani ya hati baadhi ya programu zitakupa nusu tu ya mahali lilipo. Chagua moja, na mwishoni tumia kutafuta na kubadilisha ili kitabu kizima kifanane.

Kuandika kwa sauti nako kupo. Huduma ya Google inaelewa Kiswahili tangu 2017. Kwa rasimu ya kwanza ni msaada mkubwa, hasa kwa wazee wenye mengi ya kusema na vidole vizito. Itumie penye mtandao, ongea sentensi fupi, na uwe tayari kuweka nukta na mkato mwenyewe. Majina ya watu na ya mahali yakague moja moja.

Hatua ya 5: Kibodi

Kama utachapa zaidi ya ukurasa mmoja kwa siku, kibodi ndiyo ya kwanza kununua. Na ya bei nafuu kuliko zote ni ile ya kawaida ya kompyuta ya mezani, yenye waya wa USB, ukiiunganisha kwa kebo ndogo ya OTG, ile inayochomekwa kwenye tundu la chaji na kukupa tundu la USB. Ipo Mwanjelwa, ipo Miyomboni, ipo Makambako. Haihitaji betri wala kuunganishwa upya kila asubuhi, na vitufe vyake vina ukubwa wa vidole vya mtu mzima. Ubaya wake ni mmoja: inachukua tundu la chaji, hivyo huwezi kuandika na kuchaji kwa pamoja, labda upate kigawanyio chenye tundu la chaji, na si kila kishikwambi kinakikubali. Kijaribu palepale dukani.

Za Bluetooth ziko za aina mbili. Kuna zinazojichaji, nyingi zikiwa zimeshonwa ndani ya kava, na kuna zinazotumia betri ndogo za AAA. Kwa mtu wa mjini hizo za kava zinafaa, ingawa vitufe vyake hubanana kwa kuwa vimekatwa kufuata upana wa kioo. Kwa mtu wa kijijini nachagua zenye betri za kununua. Logitech K380 hutumia betri mbili za AAA ambazo hudumu muda mrefu sana, na hukumbuka vifaa vitatu, yaani unaweza kuhama kutoka kishikwambi kwenda simu kwa kubonyeza kitufe kimoja. K480 nayo hukumbuka vitatu, na ina mfereji juu wa kusimamishia kishikwambi, ila ni nzito kuibeba.

Ukiwa dukani usikubali kuonyeshwa taa inawaka tu. Sema kwa adabu, "Kaka, naomba niiunganishe na hiki changu," kisha fungua ukurasa mtupu uandike sentensi hii: Wanging'ombe kuna baridi, chai ya Mufindi ni moto, jembe limevunjika na fedha za soko hazijapatikana. Humo mna kila herufi inayotumika kwenye Kiswahili, pamoja na alama ya king'ong'o. Iandike polepole mara moja, kisha kwa kasi yako yote. Tazama kama kuna herufi inayotoka mara mbili, inayokwama au isiyotoka. Bonyeza kitufe cha nafasi kwenye pembe zake zote mbili, kwa sababu kibodi za bei ya chini huwa zinafanya kazi katikati tu.

Ukifika nyumbani, bonyeza Shift na 2. Ikitoka alama ya kufungulia usemi badala ya @, kifaa kimedhani una kibodi ya Uingereza. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi ya nje uchague ya Marekani, mambo yatakaa sawa. Zoea Ctrl na Z kurudisha ulichofuta, na Alt na Tab kuhama kati ya programu. Kwenye iPad utatumia kitufe cha Cmd mahali pa hivyo vya Ctrl na Alt.

Hatua ya 6: Kalamu, kama kazi yako inaihitaji

Kalamu ziko za namna tatu. Kuna ya ncha ya mpira au kisahani cha plastiki, ambayo kwa kioo ni sawa na kidole: inakubali kila kifaa, bei yake ndogo, lakini ukilaza kiganja kioo kinachanganyikiwa. Hiyo ni ya kusaini, basi. Kuna zenye betri ndani, kama Apple Pencil, ambazo huchagua kifaa. Na kuna S Pen, ambayo haihitaji chaji ili iandike, kwa kuwa nguvu inaipata kwenye kioo chenyewe. Kwa mazingira ya umeme wa kubahatisha, hilo peke yake linanifanya niipe nafasi ya kwanza.

Kuijaribu, weka rula juu ya kioo kwa mshazari, uvute mstari polepole sana ukiifuata. Kalamu nzuri huacha mstari ulionyooka. Mbovu huacha unaotetemeka kama mwandiko wa mtu aliyepanda bajaji. Kisha laza kiganja kizima uandike "mwanafunzi" kwa herufi ndogo.

Kioo ni laini na huteleza, kwa hiyo wanaoandika sana kwa mkono hubandika karatasi ya kioo isiyong'aa. Inaongeza ukwaru unaofanana na wa daftari na inapunguza mwangaza wa jua la mchana. Inapunguza pia ung'avu wa picha na inakula ncha ya kalamu haraka kidogo. Kwa mwandishi wa kibodi haina faida kubwa.

Hatua ya 7: Nakala tatu, mahali patatu

Kishikwambi huanguka, huibwa, hulowa. Kazi iwe kwenye kifaa, iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive, na iwe kwenye memori kadi au fleshi inayokaa nyumbani. Kila Ijumaa, au siku yoyote utakayoichagua, toa faili na ulipe jina lenye tarehe: tasnifu-sura3-2025-06-14. Usifute la wiki iliyopita. Siku ukigundua kwamba aya uliyoiondoa ndiyo iliyokuwa nzuri, utaikuta.

Bando likiwa dogo, maandishi matupu hayaligusi sana. Kinachokula bando ni picha zinazopanda zenyewe. Zima picha kupanda, acha hati tu.

Hatua ya 8: Umeme, baridi na mvua

Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh haikufikishii zote. Namba hiyo hupimwa kwenye betri za ndani zenye volti 3.7, na umeme ukipandishwa kufika volti 5 sehemu yake hupotea kama joto. Kwa kishikwambi chenye betri ya 7,040 mAh kama Galaxy Tab A8, tegemea kujaza mara moja, na pengine isifike asilimia mia. Anayekaa siku mbili bila umeme atafute ya 20,000. Ukiona pawabenki nyepesi inayofichika kiganjani imeandikwa 50,000, iache hapohapo. Uwezo wa betri una uzito wake.

Kupunguza matumizi ni bure. Shusha mwanga wa kioo, zima waifai na data wakati wa kuandika, na kama unatumia kibodi ya waya, zima na Bluetooth. Ukiandika maandishi matupu kwa hali hiyo, betri hukaa kwa saa nyingi kuliko ulivyozoea.

Juni na Julai, Njombe na Makete si pa kuchezea. Baridi hupunguza nguvu ya betri za lithiamu kwa muda, hivyo usishangae asilimia zikishuka haraka alfajiri. Kifaa kikipata joto zinarudi. Apple wanashauri iPad itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35, na kuchaji betri iliyopoa chini ya 0 huiharibu moja kwa moja. Kwa hiyo kifaa kilicholala kwenye gari usiku wa barafu, kiache kwanza kipate joto la chumba. Ukitoka nje kwenye umande ukaingia jikoni kwenye moto wa kuni, kiache ndani ya begi mpaka kizoee, maana unyevu hujikusanya kwenye kioo na kwenye tundu la chaji kama unavyojikusanya kwenye miwani. Usikiweke karibu na jiko ili kipate joto upesi.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na tone moja juu ya kioo cha kugusa linaweza kubonyeza kitu usichokitaka. Mfuko wa plastiki wenye zipu ndani ya begi unatosha. Pakiti ya sukari iliyofungwa kwa mpira nayo inafanya kazi ileile kwa siku ya dharura. Kwa upande wa Usangu na Mbarali adui ni vumbi la kiangazi: nunua kizibo cha mpira cha tundu la chaji, au kava linalolifunika.

Kava lenyewe chagua lenye mguu wa kusimamisha kishikwambi na lenye kingo nene kwenye pembe nne. Rangi ni hiari yako.

Hatua ya 9: Kutoa kazi mpaka ikawa karatasi

Unapopeleka steshenari, toa PDF, usipeleke Word. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na aina ya herufi (fonti) uliyoitumia, kurasa husogea, jedwali hukatika na ukurasa wa sahihi hubaki na jina moja juu. PDF inabaki ilivyo. Faili la Word mpelekee msimamizi au mhariri, anayetaka kusahihisha.

Ukituma kwa WhatsApp, chagua kutuma kama hati. Ukipiga picha ya ukurasa na kuituma, herufi zitatoka zimefifia na utalipia uchapaji mbaya. Ukitumia fleshi, iwe ya kazi hiyo tu, isiwe na kitu kingine ndani, kwa sababu kompyuta za kuchapia hupitiwa na fleshi za watu wengi na virusi vyake huficha faili. Hakikisha imeandaliwa kwa FAT32 au exFAT ili kishikwambi na kompyuta viisome vyote viwili.

Mwombe dada wa steshenari aifungue PDF kwenye kioo chake kabla hajabonyeza printi, mpitie pamoja idadi ya kurasa, ukubwa wa karatasi uwe A4, na pembe ya kushoto iwe na nafasi ya kutosha kwa kufunga kitabu. Chapa ukurasa mmoja wa katikati kwanza, wenye jedwali au picha. Ukiridhika, achape zote, kisha mwombe alifute faili lako kwenye kompyuta yake na kwenye pipa la taka la kompyuta hiyo.